Hamia, Lakini Choo Kwanza

Panda kilima chochote cha Butembo asubuhi, utaona nyumba ambazo mgeni hawezi kujua kama ndiyo zinaanza kujengwa au zimeachwa. Matofali ya kuchoma yako wazi, hayajapigwa lipu. Dirisha moja lina kioo, la pili limezibwa kwa mbao za sanduku. Vyuma vimechomoza juu ya nguzo vikingojea ghorofa ambayo pengine atakuja kuijenga mtoto. Lakini tazama kamba iliyofungwa kutoka mlangoni hadi kwenye mparachichi: nepi zimeanikwa. Watu wanakaa humo.

Kwetu hilo si jambo la kuonea haya. Wengi wetu hatujengi kwa mkopo wa benki wa miaka ishirini. Tunajenga kwa magunia ya kakao, kwa faida ya duka, kwa zamu ya likirimba, ule mchango wa kupokezana, kwa mshahara wa mwalimu uliokatwakatwa. Mwaka huu msingi, mwakani kuta, mwaka wa tatu bati. Wakati huo bayeri anagonga mlango kila mwanzo wa mwezi, na kila kodi unayompa ni tripu ya mchanga iliyopotea. Isitoshe, nyumba tupu haikai tupu. Shevroni zinaondoka moja moja usiku, na mlango wa chuma ulioulipia kwa dola unaweza kuukuta sokoni.

Wengine hata hawakupewa nafasi ya kupanga. Tangu mauaji ya Oktoba 2014 yalipoanza katika eneo la Beni, familia nyingi zimekimbia vijiji na kuingia mjini na godoro moja, na nyumba isiyo na madirisha ndiyo iliyopatikana. Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23 mwezi wa Januari 2025, utawala wa jimbo ulihamia Beni kwa muda, na watu wakaja nao. Nyumba zimekuwa za kugombaniwa. Kwa hiyo sitakuambia ungoje rangi. Nitakuambia vitu vinavyofaa kuwa tayari kabla hujafunga mizigo, na vile vinavyoweza kukaa hata miaka mitano bila kumdhuru mtu.

Mimi niliyajua kwa njia ngumu. Tulihamia na bati, milango miwili na imani nyingi. Choo tulisema tutachimba mwezi unaofuata, kwa sasa tutaazima kwa jirani. Jirani yetu alikuwa mama mwenye adabu sana. Juma la kwanza alitusalimu kwa furaha tulipopita na bido la maji. Juma la tatu tulikuta choo chake kimefungwa kwa kufuli saa kumi na mbili jioni. Hakusema neno, wala sisi hatukuuliza. Usiku ule nilijua nyumba yangu bado haijawa nyumba.

Choo, basi, ndicho cha kwanza. Kichimbwe hata kabla ya msingi, maana mafundi nao ni watu, na usipowapa mahali watajitafutia wenyewe kwenye kona ambayo mwakani utapanda mboga. Pa kuchimba pana hesabu yake. Kanuni inayofundishwa na watu wa afya ni mita 30 kutoka kwenye kisima au chemchemi, na shimo liwe upande wa chini, si upande wa juu. Hapo ndipo Butembo inapotupa taabu: sisi tunajenga mlimani, chemchemi ziko bondeni. Mita 30 zako zinaweza kutimia na bado uchafu ukashuka polepole hadi kwenye bomba ambako kartie nzima inajaza bido. Kabla ya kuchimba, teremka kwa miguu uone maji yanatokea wapi na nani anayateka. Ukikuta chemchemi iko moja kwa moja chini ya parsele yako, hamisha shimo upande mwingine, hata kama litakuwa mbele ya nyumba na shemeji zako watacheka.

Kwa wanaojenga mabondeni, karibu na mto Kimemi na vijito vyake, tatizo ni kinyume: unachimba mita mbili unakuta maji. Hapo usishindane na ardhi. Inua choo juu kwa matofali, upande ngazi tatu kama mtu anayeingia kanisani. Chini ya shimo ibaki angalau mita moja na nusu ya udongo mkavu kabla ya kufikia maji. Kuta za choo zinaweza kuwa za mbao au bashi kwa mwanzo, lakini sakafu yake ifanye ya zege lenye vyuma, na tundu liwe na kifuniko. Mbao zilizooza juu ya shimo la choo zimeua watu, hasa watoto.

Pembeni weka ndoo yenye robine na sabuni. Hilo sihitaji kukuhubiria, Ebola ilitufundisha. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukamalizwa rasmi tarehe 25 Juni 2020, na katikati tulizika watu zaidi ya 2,200. Zile ndoo zilizokuwa mbele ya kila duka zimepotea nyingi. Yako isipotee.

Baada ya choo ni bati, na hapa watu wengi husema, "Bati liko juu, tuingie." Kuwa juu na kufungwa ni mambo mawili. Kwenye duka utaulizwa unataka BG gani. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba: BG 32 ni nyembamba kuliko BG 28, ndiyo maana bei yake ni ya kirafiki. Ukinunua nyembamba, angalau weka mbao za kulipigilia karibu karibu, na misumari ya kofia ipigwe juu ya tuta la bati, si kwenye mfereji wake ambako maji yanapita. Mtu mwingine anapigilia ukingo kwa misumari michache ili abakize. Upepo wa kwanza wa Septemba unainua ukingo huo kama ukurasa wa daftari. Shevroni nazo zifungwe kwenye ukuta kwa waya mnene au chuma kilichozama ndani ya mshipi wa zege. Mwombe fundi akuonyeshe waya huo kabla hajaufunika. Asikwambie tu upo. Akuonyeshe.

Plafo haina haraka. Inapendeza, inapunguza kelele za mvua, inazuia baridi ya Butembo, mji ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, lakini hakuna aliyekufa kwa kukosa plafo. Mfereji wa kukusanya maji ya bati ndio wenye haraka. Watu huuona kama pambo la mwisho, wakati ndio unaoulinda msingi. Bati likimwaga maji palepale chini ya ukuta, kwa msimu mmoja tu litachimba handaki, na utaona mawe ya msingi yakichungulia kama meno.

Tena, mfereji huo ni robine yako. Nyumba ya mita 8 kwa 7 ina paa la mita za mraba 56. Mvua ya milimita 10, ambayo kwetu ni ya kawaida tu ya alasiri, inaangusha lita 560 juu yake: bido 28 za lita 20. Hata ukipoteza tano kwa kumwagika, umempumzisha mtoto aliyekuwa ashuke na kupanda kilima mara nyingi kabla ya shule. Dakika za kwanza za mvua ziache zioshe vumbi na mavi ya ndege, halafu elekeza bomba kwenye pipa. Pipa lifunikwe, na Beni lifunikwe mara mbili: mji huo uko chini kuliko Butembo, una joto, na mbu hahitaji mwaliko. Ya kunywa uyachemshe au uyatie dawa ya klorini.

Maji yanayobaki ndiyo yatakayokupa adui au rafiki. Ukikata kilima ili kupata uwanja wa nyumba, maji yaliyokuwa yakishuka polepole kwenye majani sasa yanakimbia. Yatakimbilia wapi? Kwa jirani wa chini. Nimeona watu wanaosali pamoja Jumapili wakifikishana kwa shefu wa avenyu Jumatatu kwa sababu ya mtaro wa sentimita thelathini. Kabla hujahama, chimba mtaro nyuma ya nyumba, upande wa mlima, uyazungushe maji hadi kwenye mfereji wa barabara. Ukingo uliokatwa uupande matete au majani ya mifugo yenye mizizi mirefu, na ukuta wa kuuzuia ujenge pesa ikipatikana. Usiweke kitanda cha mtoto kwenye chumba kinachogusa ukingo usio na ukuta. Udongo mwekundu ulioloa hautoi taarifa.

Mlango. Unahitaji miwili tu, wa mbele na wa chumba mnacholala, na yote iwe na kufuli la kweli. Vyumba vingine vitoshelezwe na pazia. Madirisha ambayo hayajapata kioo yazibwe kwa mbao zilizopigiliwa kutoka ndani, na moja katika kila chumba liweze kufunguka, kwa sababu nitakayoieleza. Nondo za dirisha ni nzuri, ila chumba cha kulala chenye nondo kila upande na mlango mmoja ni mtego siku ya moto. Acha dirisha moja lenye nondo zinazofunguka kwa ndani.

Kwenye kingo za mji, hasa Beni, usiwe wa kwanza kuhamia avenyu ambayo haina watu. Nyumba nzuri peke yake porini ni ya mwizi kabla ya kuwa yako, na kwa miaka hii kuna mabaya kuliko mwizi. Ngoja walau jirani mmoja awashe taa upande wako. Ukifika, jitambulishe kwa shefu wa avenyu na kwa mkubwa wa nyumba kumi siku hiyohiyo, wewe mwenyewe, pamoja na mama wa nyumba. Mgeni asiyejulikana usiku, katika mji ulio chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, anaulizwa maswali mengi, na ni afadhali majirani wawe na majibu.

Sasa yale madirisha yanayofunguka. Nyumba mpya ni baridi. Kuta zake bado zina maji ndani, sakafu inanyonya joto la miguu, na usiku wa Julai kule Butembo unakulazimisha kuvaa koti kitandani. Watu huingiza mbabula ya makala chumbani, wanafunga kila kitundu kwa matambara, wanalala. Makala yanayoungua yakiwa yamefungiwa hutoa hewa ya sumu, isiyo na rangi wala harufu wala moshi. Mtu anahisi kichwa kizito, anadhani ni uchovu wa kuhama, analala zaidi. Haamki. Asubuhi majirani husema wamerogwa, na wenye wivu wa nyumba mpya wanatajwa majina. Mbabula ipikiwe nje au barazani, na ikiwaka isiingie chumbani hata kwa dakika kumi. Jenereta ni vilevile. Moshi wake una sumu hiyohiyo. Baridi itibiwe kwa blanketi, kwa mkeka mnene chini ya godoro, kwa kitanda chenye miguu hata kama ni cha mbao za shevroni zilizobaki.

Radi pia haingoji nyumba iishe. Mwaka 2016 wanasayansi waliochambua vipimo vya setilaiti vya miaka 16 walipanga orodha ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi zaidi. Ziwa Maracaibo la Venezuela likawa la kwanza, na Butembo ikaingia katika kumi za juu. Hatukuhitaji setilaiti, lakini ni vizuri kujua kwamba hatuzidishi tunapoogopa. Vile vyuma vilivyochomoza juu ya nguzo visifungiwe kamba ya nguo wakati mawingu yanakusanyika. Mafundi washuke kwenye bati wasikiapo ngurumo ya kwanza, hata kama wamebakiza mistari miwili. Ndani, kaeni mbali na mlango ulio wazi na ukuta wenye nyaya. Chomoa televisheni, chomoa kichaji cha simu. Ukipata uwezo, paratoneri yenye waya mnene unaoshuka hadi ardhini ni ya maana kuliko vigae vya sebuleni. Na vyuma hivyo vya nguzo vipake simenti nyembamba au rangi ya kuzuia kutu, kwa sababu ghorofa itachelewa na kutu haichelewi.

Nyaya, kwa njia, zipitishwe kabla ya lipu. Hata kama laini ya umeme haijafika kwenye avenyu yako na una sola moja ya kuchajia simu, weka mabomba ya nyaya ukutani sasa. Kuja kuchonga ukuta uliokwisha kulipwa ni kulipa fundi mara tatu: wa kuchonga, wa kupitisha, wa kuziba. Kuiba umeme kwa jirani kwa waya uliotupwa juu ya bati la chuma sitalisemea. Wewe mwenyewe unalijua.

Kuhusu simenti, ngoja nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo haraka inapokula pesa. Pavema iliyomwagwa Jumatatu inaonekana ngumu Jumatano, na mtu anaingiza kabati. Ugumu huo ni wa uso tu. Simenti haikauki kama nguo. Inakunywa maji na kuwa jiwe, kazi inayochukua siku 28 kufikia nguvu yake iliyokusudiwa. Siku 7 za kwanza imwagilie asubuhi, mchana na jioni, uifunike kwa magunia yaliyoloa. Ukiikosesha maji inapasuka na kutoa unga, na utafagia unga huo hadi unazeeka. Hesabu yangu ni hii: pavema ya chumba cha kulala imwagwe angalau majuma mawili kabla ya kuhama, vyumba vingine vikae na udongo uliopigwa vizuri hadi zamu yake. Udongo uliosiliwa vizuri ni safi kuliko pavema mbovu. Bibi zetu waliishi juu yake.

Rangi ndiyo ya mwisho kabisa, na si kwa sababu ya pesa. Matofali mapya na lipu mpya vinatoa maji kwa miezi. Ukipaka rangi ya mafuta mapema, maji yanakwama nyuma yake, na baada ya mvua mbili utaona malengelenge na ule ukungu mweusi wa pembeni unaokohoza watoto. Ile chumvi nyeupe inayotokea kwenye matofali si uchawi wala si tofali bovu. Ni maji yanayotoka nje na kuacha yalichobeba. Isugue kwa brashi kavu. Ukitaka weupe mapema, paka chokaa, inaruhusu ukuta kupumua. Ila mfuko wa chokaa na wa simenti uwe mbali na watoto: vyote vinaunguza ngozi na vinaweza kupofusha jicho. Vikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha nenda kwenye kituo cha afya.

Simenti nyingi tunayotumia hupitia Kasindi kutoka Uganda. Barabara ya Beni na Kasindi ikiharibika kwa usalama au kwa mvua, bei inaruka siku hiyohiyo. Kwa hiyo nunua mapema ile ya choo, ya pavema ya kulala na ya mtaro. Usiweke akiba ya kujengea uzio wa mwakani: mfuko uliokaa miezi mitatu kwenye unyevu unakuwa jiwe lililochapwa jina la kiwanda. Hata ya majuma machache iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Muda mzuri wa kuhama kwetu ni kati ya proklamasyo ya shule, mwanzo wa Julai, na katikati ya Agosti. Watoto wako nyumbani wa kusaidia, mvua imepungua, chukudu inashuka bila kuteleza na unapata majuma ya kurekebisha kabla ya mvua kubwa na kabla ya ada za Septemba. Januari na Februari nazo zinafaa, ingawa baada ya sikukuu mifuko inakuwa imetoboka. Anayehama Oktoba ana shida kubwa au hana mshauri.

Kabla ya kuondoka kwa bayeri, dai garanti yako. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu nyumba za kupanga inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi 3, na ukitoka bila deni wala uharibifu ni yako. Toa taarifa mapema kwa maandishi, tembeeni naye chumba kwa chumba, msaini mbele ya shahidi. Pesa hiyo ya garanti usiinywe. Ndiyo milango yako miwili.

Na karatasi za ardhi? Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ni mali ya Dola. Wewe unapewa haki ya kuitumia. Karatasi ya muuzaji iliyosainiwa mbele ya shefu ni mwanzo tu. Njia ya kawaida inapita kwa kadasta: kupimwa, kisha mkataba wa kupanga wa miaka 3, na ukionyesha kwamba umejenga unaomba sertifika ya kuandikishwa. Kwa hiyo kuhamia kuna faida ambayo wachache wanaiona: nyumba inayokaliwa ni ushahidi kwamba umeiendeleza parsele. Mwombe mtu wa kadasta aje kuandika ripoti yake ukiwa umeshaingia, na ukiwa hapo. Anayehamia ndani ya mgogoro, kwa wazo kwamba akishaingia hatatolewa, anajenga ukuta wa pesa yake kwenye ardhi ya kesi. Kama una kesi, baki kwa bayeri.

Kuna pia wanaoingia nyumba isiyokwisha ya mtu mwingine: mwenyewe yuko Kampala au Kinshasa, anakuachia ukae bure umlindie. Familia nyingi za wakimbizi wa ndani zinaishi hivyo. Ni mpango mzuri ukiandikwa. Ukurasa mmoja mbele ya shefu wa avenyu unatosha: umeingia lini, umekuta nini, ukitengeneza mlango kwa pesa yako nani atakurudishia, na utapewa muda gani wa kutoka. Bila ukurasa huo, mwenye nyumba akirudi na bati jipya, undugu unaisha.

Hatari kubwa ya kuhamia mapema siyo hata moja ya hizo. Ni kuzoea. Miezi ya kwanza mbao za dirisha zinakukera, mwaka wa pili huzioni. Pesa iliyokuwa ya lipu inakwenda kwenye harusi ya mdogo wako, kwenye hospitali, kwenye pikipiki. Niliyoona yakisaidia ni mawili. La kwanza, malizia chumba kimoja kabisa, hadi rangi, badala ya kuanza vyumba vitano; kile kimoja kitakutia aibu ya vingine kila ukifungua mlango. La pili, ile kodi uliyokuwa ukimpa bayeri endelea kuilipa, tarehe ileile, kwenye kitabu cha COOPEC, ule ushirika wa akiba, au kwenye likirimba, na jina lake liwe "nyumba". Mama wa nyumba ashike kitabu. Kwetu sisi wanaume kitabu hupata miguu.

Ukiishi na mafundi wakiendelea na kazi, pangia watoto mpaka. Vipande vya bati vikusanywe kila jioni, misumari iokotwe, ubao wenye msumari upinduliwe. Viatu hata ndani. Atakayechomwa na msumari wenye kutu apelekwe kituo cha afya kwa sindano ya pepopunda, hata kama jeraha ni dogo.

Siku yenyewe ya kuhama usifanye kubwa. Padri, mchungaji au mzee wa familia atabariki nyumba bila plafo sawasawa na nyumba yenye plafo, na majirani watakula maharagwe yaleyale. Waalike wa juu na wa chini ya kilima, hasa wa chini, maana maji yako yanapita kwao. Yule mama wa kufuli alikuja kwetu tulipomaliza choo, akaleta mkungu wa ndizi.

Jambo la mwisho ni la mkataba na fundi wa bati. Usimlipe yote. Mkubaliane tangu mwanzo kwamba sehemu ya mwisho itatolewa baada ya mvua kubwa ya kwanza. Mvua hiyo ikija usiku, amka, chukua tochi, zunguka kila chumba, na panapovuja weka alama ya makala ukutani. Rangi bado hujapaka, hutaharibu kitu. Asubuhi mwite fundi, umwonyeshe alama moja moja, na pesa zake ziwe mfukoni mwako hadi ashuke kutoka juu ya paa.